Upepo wa saa nane: namna ya kusoma meteo kabla ya kuandaa chakula cha mkutano nje



Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kukausha mpunga. Leo tunabaki na upepo, lakini tunautazama kwa upande mwingine. Tuko katika kipindi cha kiangazi, na kila koperative inatayarisha mkutano mkuu wa mwaka. Baada ya mkutano kuna chakula: mbuzi, bugali, maharagi, pengine na ndakala. Chakula hicho kinaliwa nje, kwa kuwa hakuna nyumba inayoweza kuingiza watu mia moja. Wengi watasema: «Agronomu, kula nako kunahitaji somo?» Mimi pia nilifikiri hakuhitaji. Nitawaeleza kwanza jambo lililonipata, kisha tutaingia katika somo lenyewe.

Ilikuwa katika bonde la Ruzizi, mwezi wa saba. Koperative moja ya mpunga ilinialika, na prezida aliniuliza asubuhi ya siku ile ya mkutano: «Upepo utakuwa namna gani? Tufunge shitingi au tuache?» Nilifungua simu. Ilikuwa saa moja asubuhi. Simu ilionyesha upepo wa kilometa 7 kwa saa. Nikamjibu: «Hakuna shida, fungeni.» Wakafunga mashitingi mawili yaliyoshonwa pamoja, juu ya nguzo za mikaratusi, kwa kamba za mkonge. Jiko waliliweka karibu na depo ya mpunga, juu ya nini? Juu hapo ndipo maji yalikuwa karibu.

Maneno ya wageni yalichukua muda mrefu, kama kawaida yetu. Chakula kilianza kugawiwa saa saba na nusu. Kwanza vumbi liliingia ndani ya bugali, watu wakacheka na kufunika sahani kwa mikono. Kisha shitingi ikajaa upepo, ikavuta nguzo moja, nguzo ikaanguka juu ya meza, na sufuria ya maharagi ikamwagika kwenye mguu wa mama mmoja aliyekuwa anagawa. Wakati wote tunamkimbilia yule mama, hakuna aliyeangalia jiko. Makaa yalirushwa mpaka kwenye majani makavu ya mpunga nyuma ya depo. Ndani ya depo kulikuwa mavuno ya wanamemba wote wa msimu ule, yakingojea mnunuzi. Vijana walizima moto kwa matawi mabichi na mabidoni ya maji. Mifuko miwili tu ndiyo iliungua, lakini yule mama alikaa wiki tatu bila kwenda shambani, na sanduku la koperative lililipa kituo cha afya.

Nilipokwenda kumsalimia nyumbani kwake, aliniuliza bila hasira: «Agronomu, ile simu yako haikusema?» Nilifungua tena meteo ya siku ile ambayo nilikuwa nimeihifadhi. Kumbe ilisema. Kwa saa nane mchana iliandika kilometa 22, na chini yake, kwa herufi ndogo, 41. Mimi nilisoma upepo wa saa moja asubuhi na kuutumia kwa chakula cha saa saba na nusu. Meteo haikukosea. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Basi somo hili linatoka hapo.

Namba kubwa na namba ndogo

Mkifungua meteo kwenye simu, au mkisikia kwenye redio, mtapata namba ya upepo, mfano «kilometa 20 kwa saa». Namba hiyo ni wastani. Kwa desturi ya watu wa meteo duniani kote, upepo unapimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali peupe pasipo na miti wala nyumba, na wanachukua wastani wa dakika 10. Maana yake, ndani ya dakika hizo kuna nyakati upepo ulikuwa mdogo kuliko 20, na kuna nyakati ulipiga zaidi ya 20.

Yale mapigo ndiyo Wafaransa wanaita rafali. Rafali ni upepo mkali wa sekunde chache tu, halafu unapungua. Katika simu unaandikwa peke yake, mara nyingi kwa herufi ndogo au rangi nyingine, na wengi hawauangalii. Lakini rafali ndiyo inayong'oa nguzo. Shitingi haing'olewi na wastani. Inang'olewa na zile sekunde tatu.

Kwa mtu aliyekaa kwenye mkeka, upepo ni mdogo kuliko ule wa mita 10, juu nyasi, watu na nyumba vinaupunguza. Ndiyo maana unaweza kukaa chini ukasema «leo kumetulia», wakati juu ya kichwa chako shitingi inavutwa. Msipime kwa uso wa mtu aliyekaa. Tazameni juu ya miti.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ningependa mlishike kabisa: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa. Chukueni shitingi ya kawaida, ile ya mita 4 kwa 6, ambayo wengi mnaijua. Upepo wa kilometa 20 kwa saa ukiipiga usoni, unaisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 46 hivi. Huo ni karibu mfuko mmoja wa simenti. Kwa kilometa 40, inakuwa kilo 185, karibu mifuko minne. Kwa kilometa 60 inapita kilo 400, yaani mifuko minane. Shitingi iliyofungwa juu kama paa haipigwi yote kwa pamoja namna hiyo, lakini upande mmoja ukiinuka tu, inakuwa kama tanga la mtumbwi. Basi mtu akiwaambia «kutoka 20 kwenda 40 si tofauti kubwa», mwulizeni kama yeye anaweza kushika mifuko minne ya simenti kwa kamba moja ya mkonge.

Saa ya meteo si saa yetu

Hili limewadanganya hata watu waliosoma. Meteo nyingi zinaandika saa ya dunia, ambayo kwa Kifaransa inafupishwa TU, na kwenye simu nyingine UTC. Sisi wa mashariki ya Kongo tuko mbele ya saa hiyo kwa lisaa mbili. Kinshasa wao wako mbele kwa lisaa limoja tu. Hivi, mkisoma «12 TU», kwetu ni 14:00, saa nane mchana. Mkisoma «06 TU», kwetu ni 8:00, saa mbili asubuhi. Na mkisikia kwenye redio ya Kinshasa kwamba upepo utaongezeka saa sita mchana, kwa Uvira, Fizi au Bukavu hiyo ni saa saba.

Simu nyingine zinageuza saa zenyewe, nyingine hazigeuzi. Namna ya kujua: tazameni kama mahali pameandikwa TU, UTC au herufi Z. Pakiwa na mojawapo, ongezeni mbili. Pasipokuwa na kitu, kwa kawaida ni saa ya mahali mlipochagua, lakini hakikisheni kwamba simu imechagua kijiji chenu au mji wa karibu, si Kinshasa.

Vipimo navyo vinachanganya. Tunaopenda kilometa kwa saa tuko wengi, lakini meteo nyingine zinaandika mita kwa sekunde (m/s). Hapo zidisheni kwa 3,6: mita 5 kwa sekunde ni kilometa 18 kwa saa. Meteo ya wenye mashua inatumia kipimo cha mabaharia, kilichoandikwa «kt», «kn» au «nd». Hapo zidisheni kwa 1,85, au kwa haraka hesabuni karibu mara mbili. Mtu akisoma 20 ya mabaharia na kufikiri ni kilometa 20, amekosea karibu nusu: ni kilometa 37.

Upepo unatoka wapi

Meteo inataja upepo kwa upande unakotoka, sivyo kwa upande unakokwenda. «Upepo wa kusini-mashariki» unatoka kusini-mashariki na kwenda kaskazini-magharibi. Kwenye simu herufi ni za Kifaransa au za Kiingereza: N ni kaskazini, S ni kusini, E ni mashariki. Magharibi ni O kwa Kifaransa na W kwa Kiingereza. Nilishaona kijana mmoja anasoma «SO 15» akafikiri ile O ni sifuri. Kuhusu mishale, simu nyingi zinachora mshale unaoelekea kule upepo unakokwenda. Herufi na mshale vikionekana kupingana, si kosa, ni hivyo tu. Aminini herufi.

Juu ya nini mwelekeo ni muhimu kwa chakula? Kwa sababu ya moshi na makaa. Nitarudi kwenye jambo hilo pale tutakapoweka jiko.

Ziwa, milima, na saa nane

Sasa tutazame upepo wa kwetu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo mkubwa wa kiangazi unatoka kusini-mashariki na kupita juu ya Ziwa Tanganyika kwa urefu wake. Ndio unaoinua mawimbi ambayo wavuvi wanayaogopa. Huo ni upepo wa msimu. Juu ya huo kuna upepo wa kila siku, na huu wa kila siku ndio uliotuharibia chakula.

Mchana jua linapasha ardhi haraka kuliko maji. Hewa juu ya bonde inapata joto, inapanda, na hewa baridi ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Ndiyo sababu, kuanzia saa nne au tano asubuhi, upepo unaanza kutoka ziwani. Katika bonde la Ruzizi ziwa liko kusini, na milima inasimama pande mbili kama kuta, kwa hiyo upepo unapandisha bonde kwenda kaskazini kama maji ndani ya mfereji. Nguvu yake inafika juu kabisa kati ya saa nane na saa tisa, kisha unalegea jua likikaribia kuzama. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa haraka, hewa baridi inateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Wa pembeni mwa Ziwa Kivu nanyi mnao mzunguko huo huo, mchana kutoka ziwani, usiku kuelekea ziwani.

Kiangazi kikikutana na saa nane, upepo wa msimu na upepo wa siku unasukuma upande mmoja. Hapo ndipo 22 na rafali 41 zinatoka.

Lakini mnajua nani ambaye hakuhitaji simu? Wamama wanaopepeta mpunga. Baada ya ile ajali nilizungumza nao. Waliniambia kwamba wao hawaanzi kupepeta asubuhi, juu pumba haziendi popote. Wanangoja mpaka upepo «uamke», na wanajua saa yake katika kila mwezi. Nilishangaa sana. Sisi wote tuliweka chakula kwenye saa ileile ambayo wamama wanaichagua kwa kupeperusha pumba! Hakuna mtu wa kamati aliyewauliza, na wao walikuwa jikoni tangu alfajiri. Kwa hiyo katika koperative yenu, kabla ya kupanga saa ya chakula, waulizeni wapepetaji wa mpunga, na wale wanaoanika ndakala mchangani. Meteo itawaambia kama siku ile upepo utakuwa mkali kuliko kawaida. Wao watawaambia ni saa ngapi.

Kuna sababu nyingine ya kuwauliza. Meteo ya simu inatoka kwenye mashine kubwa za hesabu zinazogawa dunia kwa miraba. Mraba mmoja una kilometa 9, nyingine mpaka 25 na zaidi, kila upande. Tazameni Uvira: ziwa liko karibu mita 770 juu ya bahari, na nyuma ya mji milima ya Itombwe inapita mita 3000. Ziwa, mji na mlima vinaweza kuingia ndani ya mraba mmoja, na mashine inaweka namba moja kwa vyote. Kwa hiyo kijiji kilicho kwenye mdomo wa bonde dogo kinaweza kupata upepo mwingi kuliko namba, na kilichojificha nyuma ya kilima kikapata kidogo. Andikeni kwenye daftari kwa wiki mbili: simu ilisema nini kwa saa nane, na nyinyi mliona nini. Mtajua kama kwenu mnapaswa kuongeza au kupunguza. Kazi hiyo inafaa hata kwa kupiga dawa shambani, na kwa kuchoma makala.

Kusoma upepo kwa macho

Mwaka 1805 baharia mmoja wa Uingereza, Francis Beaufort, alipanga upepo kwa madaraja kufuatana na vile unavyofanya matanga. Baadaye wengine waliongeza alama za nchi kavu, na mpaka leo zinatumika. Ninaziweka hapa kwa vitu vyetu.

Moshi ukipanda wima, hakuna upepo. Moshi ukilala kidogo lakini majani hayachezi, ni chini ya kilometa 6. Ukisikia upepo usoni na majani yanalialia, ni 6 mpaka 11. Mpaka hapo pikeni na kula bila wasiwasi. Majani na vitawi vikicheza bila kupumzika, ni 12 mpaka 19: funikeni sufuria, kazeni kamba. Vumbi likiinuka na makaratasi yakikimbia, ni 20 mpaka 28. Hapo shitingi inateremshwa, bila kujadiliana. Miti midogo ikiyumba yote, ni 29 mpaka 38, na moto wa nje unazimwa. Matawi makubwa yakitikisika na mwamvuli haushikiki, mmeshapita 39, na watu wanaondoka chini ya miti. Mikaratusi hasa: inaangusha matawi.

Mtaona kwamba mimi ninateremsha shitingi mapema. Wengine watasema ninaogopa. Sawa, naogopa.

Masika ni jambo lingine

Mkifanya mkutano wakati wa mvua, namba ya simu inasaidia kidogo tu. Simu inaweza kuandika kilometa 8 siku nzima, lakini wingu moja la radi likapita na kuleta upepo wa 60 kwa dakika kumi. Mvua nzito ikianguka ndani ya wingu inavuta hewa baridi chini, hewa hiyo inapiga ardhi na kusambaa pande zote, tena inatangulia mvua yenyewe. Alama yake mnaijua: joto zito, wingu jeusi lenye tumbo la chini, kisha ghafla upepo wa baridi na ukuta wa vumbi. Mkisikia baridi hiyo, mmechelewa. Katika meteo ya masika tafuteni kwanza neno «radi» au picha ya wingu lenye mshale wa umeme. Siku yenye alama hiyo mchana, chakula kiwe asubuhi na karibu na nyumba. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo: kila sekunde 3 ni kilometa moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, ingizeni watu ndani. Bugali litangoja.

Kuweka jiko

Watu wengi wanachagua mahali pa jiko kwa kufuata maji au kivuli. Ninaomba mfuate upepo kwanza. Simameni mahali mnapotaka kula, mgeukie upepo wa saa ya chakula, yaani ule wa meteo, sivyo ule wa alfajiri wakati mnawasha moto. Jiko linakaa nyuma ya migongo yenu, yaani upepo uguse walaji kwanza, kisha jiko. Hivyo moshi hauingii machoni mwa watu.

Lakini msisahau kuuliza swali la pili: nyuma ya jiko kuna nini? Sisi kule Ruzizi tulikuwa na depo na majani makavu. Nyuma ya jiko kunapaswa kuwa kitu kisichowaka: barabara, mto, ardhi iliyolimwa, shamba la viazi vitamu mabichi. Nyumba ya nyasi, nyasi kavu au marundo ya majani ya mpunga, hapana. Mahali pakikosekana kabisa, safisheni ardhi mpaka udongo, hatua kumi kuzunguka jiko, na kwa upande unakokwenda upepo safisheni zaidi ya hapo.

Mafiga matatu yakiwa wazi kwa upepo yanakula kuni nyingi na kurusha makaa. Pangeni matofali kwa upande upepo unakotoka, urefu wa sufuria. Wanaotumia mbabula wageuze mlango wake usitazame upepo moja kwa moja. Wekeni bidoni mbili za maji na ndoo ya mchanga, na kijana mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Haendi kuchota maji, haendi kumpokea mgeni, na ikitokea ajali upande mwingine, haondoki. Tulikosa mtu huyo.

Kwa shitingi, kamba ishuke mbali na nguzo, kigingi kiingie ardhini mpaka goti na kiinamie kinyume cha kamba. Fungeni kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Chagueni mtu mmoja wa kusema «teremsha», na akisema, hata prezida asimjibu.

Siku ngapi mbele?

Kamati nyingi zinaniuliza mwezi mzima mbele. Hapo hakuna meteo ya upepo wa siku moja. Kuna msimu tu, na desturi ya mahali. Kwa siku saba mbele mtapata namba, lakini msiziamini sana. Siku tatu mbele zinaanza kusaidia: hapo amueni saa na mahali. Jioni ya mwisho, angalieni tena. Asubuhi ya siku yenyewe, mara ya mwisho. Kama hakuna rezo kijijini, mtume mtu mmoja mwenye simu mahali penye rezo, naye aandike kwenye karatasi saa zote za siku, pamoja na rafali. Asiandike namba moja tu kama nilivyofanya mimi.

Zoezi la kikundi

Someni karatasi hii pamoja. Ni meteo ya siku ya posho, mwezi wa saba, kijiji cha bonde la Ruzizi.

04 TU: kusini-mashariki, 6, rafali 11
07 TU: kusini, 9, rafali 17
10 TU: kusini, 17, rafali 31
13 TU: kusini-mashariki, 24, rafali 43
16 TU: kusini-mashariki, 15, rafali 28

Geuzeni kwanza saa. Kisha jibuni: moto uwashwe saa ngapi? Watu wale saa ngapi? Shitingi iteremshwe saa ngapi? Jiko liwe upande gani wa walaji? Msisome chini kabla ya kubishana.

Saa zetu ni 6:00, 9:00, 12:00, 15:00 na 18:00. Jiko linakaa kaskazini ya walaji, na nyuma ya jiko, yaani kaskazini tena, kusiwe na kitu cha kuwaka. Moto unawashwa saa kumi na moja alfajiri. Watu wanakula kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Moto unazimwa kwa maji mara baada ya kupakua. Shitingi iko chini kabla ya saa tano na nusu. Mkutano wenyewe unafanyika baada ya chakula, ndani ya darasa la shule au chini ya ukuta, ambapo upepo unasumbua makaratasi peke yake. Wanaofikiri kungoja jioni, tazameni rafali ya saa kumi na mbili: bado 28, na giza linaingia wakati makaa yako wazi.

Ugumu hapa hauko kwenye upepo. Uko kwenye desturi: wakubwa wanazungumza kwanza, watu wanakula baadaye, na wageni wa heshima wanafika wakati wanafika. Koperative ile ya mpunga ilijadili jambo hili kwa lisaa mbili nzima. Wazee walisema kumtangulia chifu kula ni aibu. Yule mama aliyeungua alisimama, akainua kitenge kidogo, akaonyesha kovu la mguu, akakaa bila kusema neno. Wakamtuma katibu kwa chifu kumweleza saa mpya na sababu yake. Karatasi ya zoezi hili ndiyo ya mkutano wao wa mwaka huu. Walikula saa nne. Chifu alifika saa sita, vumbi likiwa limeshaanza kucheza uwanjani, akakuta shitingi imekunjwa, jiko limezimwa, na sahani yake imefunikwa ndani ya depo, kando ya mifuko ya mpunga.